Waya Uliokwepa Ufunguo

Mume wangu anaijua kazi moja tu tangu ujana wake: umeme wa magari. Aliingia gereji hajaota ndevu, akaanza kwa kusugua vichwa vya betri kwa brashi. Leo, miaka arobaini na mmoja baadaye, anaweza kuinamia boneti akanusa tu, akakwambia waya gani umeungua. Mafundi wenzake humwita Fyuzi. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kazi, wapo wanaosema ni kwa sababu hukatika haraka. Mimi niliyeolewa naye nasema wote wamepatia.

Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akimwonea mtu wivu. Majirani walijenga ghorofa, akaenda kuwapa hongera. Mwanafunzi wake alifungua gereji kubwa kuliko yake, naye akamsaidia kufunga taa. Nilijivunia jambo hilo, nikawatangazia wanawake wenzangu kwamba mume wangu hana kijicho hata chembe. Kumbe alikuwa hajapata mkwe.

Mkwe huyo ni baba wa mume wa binti yetu. Alikuwa karani wa bohari na sasa amestaafu. Suruali yake ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate. Wajukuu wetu ni mabinti wawili, mkubwa ana miaka kumi na mmoja na mdogo minane, nao wanamwita Babu Safi. Wa kwetu wanamwita Babu Grisi. Majina hayo yalipoanza tulicheka sote. Baadaye mmoja wetu akaacha kucheka.

Jumamosi wazazi wa watoto hao wako kazini, basi mababu walikuwa wakipokezana kuwapeleka kuogelea. Bwawa liko mbali, na njia yenyewe magari hukwama hata saa nzima. Mume wangu aliipenda saa hiyo kuliko chakula. Alishusha vioo, akawauliza, "Lile linalolia kama paka aliyekanyagwa mkia, lina nini?" Nao nyuma wanapiga kelele, "Mkanda umelegea, Babu!" Zamu yake ilipokaribia, gari lilioshwa tangu Alhamisi.

Ndipo mkwe akaenda kufungiwa mashine ya gemu garini mwake. Kioo kikawekwa nyuma ya kiti cha mbele, pedi mbili za kuchezea, na watoto wakawa wanakimbiza magari ya kwenye kioo huku wao wenyewe wako kwenye gari.

Ijumaa moja mdogo akapiga simu. "Babu, kesho zamu ya nani?"

"Yangu, mjukuu wangu. Gari nimeshaliosha."

Akanong'onezana na dada yake. Kisha tukasikia, "Hamwezi kubadilishana?"

Mume wangu aliweka simu mezani kifudifudi. Chakula hakukigusa.

"Mimi ndiye fundi umeme," akaniambia. "Mimi! Halafu wajukuu zangu wanafuata umeme kwa mtu ambaye balbu ya chooni anaita watu waje kumbadilishia."

Ningekuwa mke mwema ningemtuliza. Lakini mke wa mkwe alikuwa amenipigia asubuhi ile ile kuniambia eti siku hizi watoto wakipanda gari lao wanatulia kama maji mtungini. Maneno yale yalikuwa yamenichoma. Nikasema, "Sasa wewe umekaa tu unatazama?"

Kesho yake, alipowapeleka watoto kwa mkwe baada ya kuogelea, alimwomba amwonyeshe hiyo mashine. Alirudi anacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mama, ungeona aibu ile! Wamechomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Waya umepita chini ya kapeti kama nyoka mgonjwa. Na akizima gari tu, mchezo nao unazimika. Watoto wanalia, yeye anawaambia ndivyo zilivyo!"

Mume wangu naye akatafuta mashine yake kwa fundi simu wa jirani, wakabadilishana kwa redio mbili za gari. Halafu akafanya kazi siku nne, na mimi nikimshikia waya. Siwezi kusema uongo, ilikuwa kazi nzuri. Waya ulikuwa mnene kama kidole cha mtoto, na fyuzi yake ilikaa karibu kabisa na betri. Inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, alilifunga chini ya kiti kwa skrubu nne, akaliachia nafasi ya kupumua. Kioo alikikaza hata ukikivuta kwa mikono miwili hakitikisiki.

Lakini kila aliyepita gereji ya mume wangu anajua amri yake ya kwanza: chochote kinachokula umeme kipitie kwenye ufunguo, gari likizimwa nacho kizimike. Ameirudia mpaka mimi nisiyejua kufunga balbu nimeikariri. Siku ya nne nikaona waya unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye inveta.

"Mzee, huu haukupita kwenye ufunguo."

"Najua."

"Si unawafokea watu kila siku?"

"Ya mkwe inazimika na gari," akasema bila kuniangalia. "Yangu itawaka ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Waache waseme wenyewe nani ni fundi."

Nami, kwa kuwa maneno ya mke wa mkwe yalikuwa bado yananichoma, nikaendelea kumshikia waya.

Jumamosi iliyofuata yalikuwa mashindano ya kuogelea, tukaenda familia mbili kwa magari mawili. Watoto walipoona kioo chetu walipiga vigelegele, wakaruka ndani bila hata kumsalimia Babu Safi. Mume wangu alikunja mikono ya shati, akaendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha kama kijana ambaye barua yake ya posa imekubaliwa.

Tulifika mapema. Mashindano yakachelewa, zamu ya watoto wetu ikawa mwisho. Akazima gari, akautia ufunguo mfukoni na kuupigapiga ili mkwe auone. "Chezeni, wanangu. Hapa hakuna kuzimika." Wakacheza karibu saa mbili. Walipoitwa walitoka mbio, mchezo wakauacha unawaka.

Mkubwa alishika nafasi ya pili. Tulirudi kwenye gari tunaimba. Mume wangu akazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk, tena kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.

Mkwe alikuwa ameegesha pembeni. Akaja na zile nyaya mbili za kuazimana moto, za kuunganisha betri za magari mawili, bado ziko kwenye mfuko wa dukani.

"Fundi," akasema, "hata lako linakufa?"

Mkubwa akachungulia ndani, akaona taa ya mashine imezimika, akaelewa. Machozi yakamtoka. "Ni mimi. Sikuzima gemu."

"Ah! Sasa unaona?" mkwe akasema. "Kitu cha babu mtu mzima unakichezea bila akili?"

Mtoto akainamisha kichwa. Nilimtazama mume wangu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na heshima yake yote ingebaki pale pale.

"Mwache," akasema. "Hakukosea. Waya ule ulitakiwa kupita kwenye ufunguo. Nimeupitisha pembeni kwa makusudi, ingawa amri hiyo ninaijua tangu nikiwa kijana."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine yako inazimika na gari."

Mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa na haja ya kucheka kiasi kile. Akafungua boneti yake, akachukua kibanio chekundu, akakipeleka upande wa hasi.

"Wacha!" Mume wangu alimdaka mkono. "Utaunguza yangu na yako. Lete hapa."

Mkubwa akafuta machozi, akasogea. "Babu, kwa nini nyekundu isikae huku?" Akaelezwa, akashikishwa kibanio, akakibana mahali pake kwa mikono miwili. Gari likaitika.

"Haya, watoto wapande kwangu," mkwe akasema, akiangalia vidole vyake vilivyochafuka. "Huku kuna mchezo."

Mdogo alikwenda mbio, wala hakugeuka nyuma. Nitakuwa mwongo nikisema haikutuuma. Mkubwa alisimama katikati ya magari mawili.

"Babu Grisi, ukiendesha betri inajaa tena?"

"Inajaa njiani. Altaneta, ile jenereta ndogo ya kwenye injini, ndiyo inailisha."

"Iko wapi?"

"Panda, nitakuonyesha sauti yake."

Nikamwachia kiti cha mbele, nikakaa nyuma na kile kioo cheusi usoni mwangu. Njia nzima mkubwa aliuliza maswali, babu yake akajibu, lakini macho ya babu hayakuondoka kwenye gari la mkwe lililokuwa mbele yetu, mng'aro wa mchezo ukionekana kwenye kioo cha nyuma na kichwa kidogo kikirukaruka. Tulimfuata hivyo mpaka barabara ikafunguka.

"Mzee," nikamwambia, "mbona tunamsindikiza kama bwana harusi? Mpite."

Hakungoja nirudie.