Dole Gumba Kwenye Gia

Uani kwa fundi cherehani pana mahali pasipoota nyasi. Ni pa mstatili, urefu wa gari dogo, na katikati pana doa jeusi la oili ambalo mvua zimekuja na kupita bila kulifuta. Doa amelizoea. Ukimya wa asubuhi ndio uliomshinda. Zamani, akiwa bado kitandani, alikuwa akisikia boneti ikifunguliwa, kijiti cha kupimia oili kikichomolewa, kisha sauti ya mwanamke ikisema na injini kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji: "Haya mama, tuamke. Leo tuna safari." Sasa anaamshwa na jogoo wa jirani, na jogoo huyo hajui kubembeleza mtu.

Mwanamke huyo alikuwa mke wake. Mtaa ulimwita Mama Spana, na jina hilo alilipokea kwa kicheko chake cha kifuani, kile cha kumfanya hata mwenye msiba ageuke kutazama. Alikuwa mjane fundi alipomwoa. Alikuja na sanduku la nguo, sufuria zake nzito, na gari. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, makanika aliyekuwa akitengeneza magari ya watu chini ya bati, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni kumshikia tochi. Kwanza alishika tochi, baadaye spana, na mwishowe marehemu ndiye aliyekuwa akishika tochi.

Hadithi hiyo alimsimulia fundi kabla hawajaoana, akicheka mpaka machozi. Fundi alicheka naye. Kisha akarudi dukani, akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali, akiwaza ile tochi.

Mwanamume aliye hai utamwonea wivu na mambo yataisha. Utagombana naye, au utamwona siku moja amelewa, ameota kitambi, ameachwa na meno mawili ya mbele, na moyo utatulia. Marehemu haoti kitambi wala hakoromi, na chai haimwagiki kifuani kwake. Fundi alikuwa akikoroma, alijua, maana mkewe alimwambia kwa utani, naye akajiuliza kama yule mwingine alikuwa analala kimya.

Ajabu ni kwamba gari lilikuwa linamlisha yeye. Sare za shule alizoshona zilipelekwa na gari hilo, zimekunjwa vizuri kiti cha nyuma, mkewe akiendesha huku ameegemeza kiwiko dirishani. Hata hivyo kila mara alipoliona likiingia uani alihisi kama mtu aliyekuta viatu vya kiume visivyo vyake mlangoni.

Kinyozi wa duka la pili, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, aliliona jambo hilo mapema.

"Fundi, naona leo mkeo kaamka mapema kumwogesha mume mwenzio."

"Mume mwenzangu nani?"

"Huyo hapo wa magurudumu manne. Mwenzio anaogeshwa kwa sabuni, wewe unaambiwa maji yako bafuni."

Wateja walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akashona mkono wa shati kinyumenyume, ikabidi afumue.

Ndipo mbele ya injini pakaanza kuonekana unyevu. Mama Spana aligusa kwa kidole, akanusa, akapima kwa jicho. Sili za mbele, zile pete za mpira za kuzuia oili, zilikuwa zimechoka. Zilikuwa zinaachia oili, na oili ilikuwa inadondokea mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaofanya sehemu ya juu ya injini na ya chini zizunguke kwa kusikilizana.

"Ukikatika njiani," alimwambia mumewe jioni wakila, "pistoni zinapanda, valvu ziko chini, zinagongana. Hapo injini ndiyo basi tena."

"Basi tuliuze kabla halijafa."

Mkewe aliacha kutafuna. "Tuliuze?"

"Mizigo itabebwa na bodaboda. Gari lenyewe limezeeka, mama."

"Nitalitengeneza mwenyewe, hapo uani. Likiwaka, linabaki, na neno la kuuza nisilisikie tena humu ndani. Lisipowaka, mwite mnunuzi wa vyuma chakavu, nitamfungulia geti mimi mwenyewe."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Fundi akalala akiwa na tumaini ambalo hakuthubutu kulitazama usoni.

Siku ya mapumziko mkewe alivaa suruali kuukuu, akafunga kitambaa kichwani, akaweka jeki. Fundi alikaa kwenye kigoda kama msaidizi. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama, na hilo ndilo lililomuuma. Mikono ya mkewe haikubahatisha. Alitoa mikanda ya nje, akaipigania puli kubwa ya chini mpaka nati ikalia na kuachia, akafungua vifuniko vya plastiki. Mkanda ukaonekana, umevimba kwa oili, una nyufa kwenye kila jino.

"Njoo uone," alimwita. "Gia hii ya juu si yake. Ya zamani ililika, tukatoa nyingine kwenye gari bovu. Alama za kiwandani haziingiliani. Kwa hiyo alama ya kufuata wakati wa kurudisha mkanda ni hii."

Lilikuwa tone la rangi nyeupe kwenye ukingo wa gia, limekaa mkabala na mchoro mdogo kwenye chuma cha injini. Fundi aliinama. Ndani ya rangi ile palikuwa na mistari myembamba iliyojikunja, kama pete za mti uliokatwa. Aliyepaka alikuwa ameibonyeza kwa dole gumba ikiwa mbichi.

Mkewe alisema "tukatoa". Hakusema nani na nani.

Fundi akarudi kigodani. Bila kujua kwamba bado anatazamwa, Mama Spana alifuta kidole chake kwenye suruali, akaweka dole gumba lake juu ya lile la kwenye rangi. Alilishikiza kidogo tu, jinsi mtu anavyogusa paji la uso la mtoto aliyelala. Akaondoa, akaendelea na kazi.

Fundi aliuona mguso ule. Mwaka mzima wa ndoa, na mkono ule haujawahi kumgusa hivyo.

Mkanda ulitoka, gia zikatoka, sili za zamani zikachokolewa na bisibisi, ngumu kama soli ya kiatu kilichotupwa. Sili mpya ya chini iliingia vizuri, ikigongwa taratibu kwa kipande cha bomba. Ya juu ikakataa. Duka lilikuwa limempa saizi isiyo yake.

"Watu hawa! Nimewapelekea ya mfano, bado wananipa ya kukisia." Akanawa mikono. "Naenda kuibadilisha. Wewe nisafishie gia, petroli hiyo kwenye kopo. Ila rangi nyeupe usiiguse. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia."

Geti likafungwa. Fundi akaichukua gia, akaiweka mapajani juu ya kitambaa, kama anavyoweka nguo ya kutia vifungo. Alisafisha meno yote, moja baada ya jingine. Alisafisha upande wa nyuma. Akafika kwenye rangi, akaizunguka. Akaizunguka tena. Lile dole lilikuwa linamtazama. Mtu mwenyewe amezikwa, nguo zake zimegawiwa, jina lake halitajwi humu ndani ila kwa bahati mbaya, na bado amebakiza kidole chake kwenye gari lililo uani kwa mwenzake, kidole ambacho mke wa mwenzake anakigusa.

Fundi alichovya kitambaa. Rangi haikutoka mara ya kwanza. Alisugua kwa bidii ya mtu anayeondoa doa kwenye shela ya bibi harusi, mpaka chuma kikang'aa.

Mkewe aliporudi aliipokea gia, akaigeuza, akaigeuza tena. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Rangi iko wapi?"

"Imetoka yenyewe. Petroli hiyo kali."

"Imetoka yenyewe."

"Ndiyo, mama. Sasa mimi nifanyeje?"

Mkewe alimtazama usoni. Fundi alitazama jeki.

"Sawa," alisema mkewe. "Shika spana."

Sili sahihi iliingia mara moja, lakini mchana wote uliobaki ulikwenda kutafuta kilichopotea, namna ya kuipanga gia bila alama. Mama Spana aling'oa plagi, akatumbukiza bisibisi ndefu kwenye tundu la kwanza, ikakalia pistoni. Fundi alizungusha injini polepole kutoka chini, mkewe akiangalia bisibisi ikipanda mpaka ilipogoma kupanda zaidi. Alifungua kifuniko cha juu, akaipanga shafti ya valvu kwa macho. Akavisha mkanda mpya, akaukaza.

"Zungusha tena. Taratibu. Ukihisi kitu, simama."

Alizungusha. Spana ilikwenda, ikakwenda, kisha kitu ndani kikagusa kitu. Fundi alikisikia mkononi, kigumu na kidogo, kama sindano iliyokutana na zipu. Alielewa kabisa alichoshika. Spana ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa na mabega. Kusukuma mara moja tu, valvu zingepinda, mnunuzi wa vyuma angekuja kesho, na uani pangekuwa pake.

Mkewe alikuwa ameinama upande wa pili, shingo yake ina vumbi na jasho, hamwangalii.

"Imegusa," fundi akasema, akaachia.

Mkewe alirudisha nyuma, akalegeza mkanda, akasogeza gia meno mawili. Wakazungusha upya, mzunguko mzima na mwingine tena. Hapakuwa na kizuizi. Jua likiwa limeshaegemea ukuta, alirudisha vifuniko, akaingia ndani ya gari na kuwasha. Injini ilijikohoza, kisha ikatulia kwenye mngurumo wake laini. Kinyozi, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, alipiga makofi.

"Hongera shemeji! Fundi, pole! Mwenzio kapona!"

Mama Spana hakucheka. Alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Baba, nikuulize mara moja tu. Ile rangi umeifuta wewe?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Fundi aliuona. Lakini kusema ndiyo kulimaanisha kusema kwa nini, na kusema kwa nini kulimaanisha kukiri kwamba anagombana na kidole.

"Nimeshakwambia. Imetoka yenyewe."

"Haya."

Hawakugombana. Chakula kilipikwa, sare zilipelekwa. Ila mkewe alianza kufunga boneti kila fundi alipotokea uani, na alipofunga, fundi aliuliza anaficha nini. Akikaa kimya, fundi aliuliza anamwaza nani. Akicheka na wateja, fundi aliuliza kicheko hicho alifundishwa na nani. Nyumba ikawa na maswali mengi kuliko vikombe.

Asubuhi mkewe alipopakia sufuria zake garini ili aondoke, fundi alimfuata mpaka kwenye dirisha la gari.

"Niliifuta makusudi," alisema. "Nilikuona ukiigusa."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Petroli haiondoi rangi ya gari namna ile bila mkono." Aliingiza gia. "Nilikuwa nangoja uniambie. Ungeniambia siku ileile ningelia, halafu ningekusamehe. Ningekuomba upake wewe alama mpya."

"Na sasa?"

"Nilishapaka mwenyewe."

Sasa Mama Spana anaishi kwa dada yake mkubwa, katika mji mwingine, nyumba iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Anatengeneza magari uani, na kazi ni nyingi.