Nyumba ya Karatasi Niliyomjengea Mama

Mama alianza kuomba arudishwe kwao mwaka ule nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilipoanguka ukuta wa nyuma. Kila siku baada ya alasiri alivaa buibui lake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniita.

"Naam, mama."

"Nnataka kwenda kwetu. Watu wa nyumbani wananingoja."

Tulikuwa tumeshahamia Ng'ambo, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, yeye na mimi tu. Mke wangu tulishaachana zamani, na ualimu nilikuwa nimestaafu. Akili ya mama ilikuwa imeanza kuchanganyika: alikumbuka harusi za watu waliokwisha kufa, lakini hakukumbuka kama ameshakula. Nikimwambia nyumba imeanguka, alilia kama mtu aliyefiwa, na kesho yake akaanza upya. Nikaacha kumwambia.

Kaka yangu anakaa Bububu. Alikuwa akija mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa. "Mtafutie kitu cha kumshughulisha," aliniambia, huku akitazama saa yake.

Wazo nililipata kwenye duka la steshenari, nilipokwenda kutoa kopi za vyeti vyangu. Mwenye duka alikuwa ameweka juu ya mashine yake msikiti mdogo wa karatasi, una mnara na kuba, urefu wake kama kikombe cha chai. Alinieleza kuwa ramani yake anaitoa mtandaoni, anaichapa, anaikata, anaikunja na kuigundisha. Nikamwomba anichapie na mimi.

Nimesomesha hesabu miaka thelathini. Nimechora ubaoni maboksi yaliyokunjuliwa bapa mpaka chaki zikaniingia kifuani. Msikiti ule ulinishinda siku tatu. Vile visikio vya pembeni vya kupakia gundi nilivikata nikidhani ni mabaki, basi kuta hazikuwa na pa kushikana. Karatasi ilijikunja ilipotaka yenyewe. Kuba lilitoka kama embe lililokanyagwa. Nilipompelekea mwenye duka, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, usikunje moja kwa moja. Kwanza pitisha rula, uukwaruze mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, ndipo ukunje."

Nilijenga msikiti wa pili, na wa tatu. Wa nne ulisimama. Nikajiambia: kama naweza kusimamisha msikiti wa watu nisiowajua, nyumba yetu itanishindaje? Nitamjengea mama nyumba yake, aione, atulie.

Nilinunua karatasi za manila, wembe na gundi. Vipimo nilivitoa kichwani, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa imezungushiwa mabati na haingiliki. Ngazi ilikuwa na vidato kumi na saba. Utotoni nilivihesabu kila siku. Kutokana na kidato kimoja nikakisia urefu wa ghorofa, na kutokana na ghorofa nikakisia ua. Gundi ya dukani iliponiishia nilipika uji wa unga wa ngano nikaupaka, na asubuhi nikakuta mende wamekula kona nzima ya jikoni. Masika yalipoingia, kuta zilivuta unyevu zikavimba, nikazibomoa nikaanza tena.

Ilinichukua miezi minne, na miezi hiyo yote mama alikuwa pale pale ukingoni mwa kitanda, ananiita.

"Subiri mama. Nnakutengenezea kitu."

Siku moja aliniita mara tatu. Mimi nilikuwa nimeishika roshani kwa vidole viwili, nangoja gundi ikamate. Nilipofika alikuwa ameshajilowesha. Nilimkaripia yeye.

Nyumba ilipokwisha nilimwita kaka, Ijumaa baada ya sala. Niliiweka juu ya meza mbele ya mama: ghorofa tatu, mlango mkubwa, baraza, roshani yenye nakshi nilizozitoboa kwa sindano. Mama aliinama, akaitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akakiweka kwenye dirisha la juu kabisa.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikikaa."

"Ndiyo, mama. Ndiyo kwenu hapo. Umesharudi."

Aliuvuta mkono wake kama aliyegusa chungu cha moto.

"Kwetu? Kwetu hapa? Hapa kwa baba yenu. Mimi kwetu Mkokotoni." Sauti yake ilikuwa safi, kama ya zamani. "Baba yenu akitoka anafunga mlango wa chini, ufunguo anatia mfukoni. Nimekaa dirishani hapa mpaka nikawa nawajua wapita njia kwa vishindo vya viatu vyao. Iondoe. Msinirudishe humo."

Kaka alicheka kidogo. "Maskini, hajui asemalo."

Nilitaka sana kumwamini kaka. Lakini hata mtoto mdogo wa Unguja anajua kwamba mwanamke akisema kwetu, anasema alikozaliwa, si alikoolewa. Mimi nilikuwa nalijua neno hilo kwa kila mwanamke isipokuwa mama yangu. Nilidhani yeye hana kwao zaidi ya pale alipotuzaa sisi.

Ningependa kuandika kwamba nilimpigia magoti nikamwomba radhi. Nilikasirika. Miezi minne ya macho na vidole vyangu, naye kaitupa kwa neno moja. Na baba yangu pia, baba aliyekuwa akininunulia halua ya Idi, kamfanya mtu wa kufungia watu milango. Wiki mbili nilimwekea chakula bila kumsemesha.

Hasira iliponitoka nilimwendea. "Mama, nikupeleke Mkokotoni?"

Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Kuna nini huko?"

Hakuomba tena kwenda popote. Buibui likabaki msumarini. Kabla ya Ramadhani kifua kilimbana, akafariki.

Kaka aliiomba ile nyumba, nikampa. Iko sebuleni kwake Bububu, ndani ya kabati la kioo. Wageni wakija huwaonyesha dirisha la juu. "Mama yetu alipenda sana kukaa hapa," huwaambia. Nimemsikia kwa masikio yangu, na sikufungua mdomo.

Arubaini ilipopita nilikwenda Mkokotoni. Amebaki mdogo wake mama mmoja tu. Nilimkuta uani anapara samaki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nilimweleza kwamba mama alikuwa akiomba kuletwa kwao, nami sikumleta. Nilitaraji anilaumu. Aliendelea kupara.

"Mbona alikuja," alisema. "Mwaka ule ule wa harusi alitoroka mara mbili, kutoka mjini mpaka hapa, kwa miguu. Mara ya pili nyayo zimepasuka, mama yetu akamkanda kwa maji ya moto. Alfajiri baba yetu akamchukua, akamrudisha mwenyewe kwa mumewe. Alimwambia mbele yetu sote: 'Huna kwenu hapa tena.'"

"Naye alisema nini?"

"Aseme nini? Alikuwa na miaka kumi na sita."

Nilimwuliza nyumba ya babu ilikuwa wapi. Akaelekeza kwa kisu, ng'ambo ya njia, kwenye duka la matofali wanakotengeneza simu. Nilimwomba anieleze ilivyokuwa: milango mingapi, vyumba vingapi.

"Nyumba ya udongo ile, baba. Haina cha kueleza."

Akanilazimisha nisiondoke kabla ya kula. Nilikula. Samaki alikuwa mtamu, na utamu wenyewe uliniuma.