Kikombe cha Mapua

Mgeni akisikia Mihayo Chenge akiitwa Mapua, humtazama pua kwanza, naye huikuta ya kawaida tu, tena ndogo. Jina hilo halikutokana na umbile. Lilitokana na tabia yake ya kunusa kila kinywaji kabla hakijamgusa midomo: uji, chai, hata maji aliyoyachota mwenyewe. Mafundi wenzake wa injini za mitumbwi kule mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, walilianzisha kwa mzaha, likamganda.

Tabia yenyewe ilianzia harusini, Kiseke. Mihayo alikuwa ameacha pombe tangu masika, na wote waliokaa meza moja naye walilijua hilo. Nestory, dalali wa samaki aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, alimletea soda ya tangawizi iliyokwisha kufunguliwa. Ukali wa tangawizi ulificha pombe iliyomiminwa ndani. Mihayo alipoitambua, nusu ya chupa ilikuwa imeshuka, na meza nzima ilikuwa ikicheka.

"Karibu tena nyumbani," Nestory alimwambia.

Mihayo hakutoka katika nyumba hiyo kwa miezi mingi. Mkewe, Bernadeta, alivumilia hadi alipochoka, akawachukua watoto, akavuka nao kwa kivuko kwenda kwa wazazi wake Kamanga. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba ahadi amezisikia za kutosha. Siku Mihayo atakapopata watu wa kumshika mkono, watu wa kweli, yeye na watoto watarudi.

Watu hao Mihayo aliwatafuta kwa siri, kama anayeulizia mali ya wizi. Kwenye zahanati aliuliza kwa niaba ya binamu yake. Muuguzi akamwelekeza kwenye shule ya chekechea iliyo nyuma ya soko la Mkuyuni, ambako watu wanaoacha pombe hukutana kila Jumamosi jioni. Hakumuuliza huyo binamu ni nani, na jambo hilo lilimtia Mihayo wasiwasi zaidi.

Jumamosi ya kwanza alipita mbele ya chumba hicho akijifanya anatafuta nyumba ya kupanga. Huenda ni kanisa linalosaka waumini, aliwaza, au ni watu wa kura, au wauza dawa za kienyeji. Kupitia dirishani aliona watu wakinywa chai. Mkuyuni nzima hakuna anayempa mtu chai bila sababu. Akarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata aliingia. Viti vilikuwa vya watoto. Alipokaa, magoti yalimfikia kifuani. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, muuza dagaa aitwaye Tereza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa popote. Hapa hatuandiki majina."

Asiyeandika majina, Mihayo aliwaza, huyaweka kichwani. Akachagua kiti cha mlangoni. Watu wakasimulia habari zao, mmoja baada ya mwingine, naye akawasikiliza kama anavyoisikiliza injini inayokohoa, akitafuta mahali uongo ulipo. Hakuupata, na hilo nalo hakulipenda.

Ndipo mtu akatokea chumba cha nyuma, ameshika birika na sinia la vikombe. Alikuwa Nestory.

Mihayo alisimama. Sasa kila kitu kilikuwa wazi kwake: alikuwa ametegwa aje achekwe tena. Kesho mwalo wote ungejua, na habari ingevuka hadi Kamanga.

"Umefuata nini hapa?" akauliza.

"Ulichofuata wewe."

"Na safari hii umetia nini humo?"

"Majani na tangawizi."

Mzee mmoja wa pembeni, aliyekwisha kusimuliwa na Nestory mwenyewe habari ya harusi ile, akaguna. "Tangawizi tena? Nestory, wewe hata kujifunza hujifunzi."

Wengine walicheka, Nestory hakucheka. Alimimina chai kikombeni, akanywa funda moja mbele ya macho ya Mihayo, kisha akampa kikombe kwa mikono miwili. Ndivyo afanyavyo mwenyeji wa Kisukuma penye mtungi wa pombe: hutangulia kuonja, ili mgeni ajue kwamba hakuna sumu. Kule harusini hakuonja, na wote wawili walilikumbuka.

"Siku ile nilikuletea bila kuonja," Nestory alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa umetoka, mimi nimebaki. Sikupenda kubaki peke yangu."

Mihayo alikipokea kikombe. Mlango ulikuwa nyuma yake, wazi, na njia ya kwenda kilabuni aliifahamu. Akanusa. Akanusa tena, taratibu, chumba kizima kikimngoja. Akanywa kidogo.

"Bado sikuamini," akasema.

"Mimi sijakuomba uniamini. Kunywa, inapoa."

Akakaa. Hakusimulia lolote jioni hiyo, lakini alibaki hadi mwisho. Watu walipoanza kuinuka, Tereza alimweleza utaratibu wao: kila mtu huosha kikombe chake, na mgeni aliyekaa hadi mwisho ndiye hupika chai ya Jumamosi inayofuata.

"Na nani atajua nimeweka nini?" Mihayo akauliza.

"Utaonja kwanza," alijibu Tereza.

Bombani, uani, Mihayo aliwaza namna ya kumwambia Bernadeta kwamba amepata watu, na kwamba mmoja wao ni Nestory. Angedhani amelewa. Hata hivyo angempigia usiku huohuo, kabla maneno ya wengine hayajavuka ziwa. Akakisugua kikombe, akakisuuza mara ya pili, akakinusa, kisha akakifudikiza juu ya sinia pamoja na vingine.