Begi Moja la Sabri

Sabri aliletwa Hyattsville, Marekani, akiwa na miaka miwili. Alipoiba pikipiki, pikipiki ilikuwa ya Kimarekani, polisi wa Kimarekani, jela ya Kimarekani. Mwizi tu ndiye aliyeonekana wa Mombasa. Alipomaliza kifungo serikali ikaamua kumrudisha huko, akiruhusiwa begi moja tu. Mama yake, Johari, akalijaza losheni, vitamini na manukato, zawadi za shangazi zake wa Mombasa.

"Ma, na nguo zangu?" Sabri akauliza kwa simu ya mahabusu.

"Mtu hatoki Marekani mikono mitupu, mwanangu. Watasema umefukuzwa."

Alipofika, shangazi zake waligawana vyote, wakafurahi. Siku ya nne, Sabri akiwa na fulana ileile, mmoja akampigia Johari: "Wifi, mgeni wetu anarudi huko lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

Akakata simu, akakunja upya nguo za mwanawe zilizobaki kitandani.