Thomas hapandi mlima kabla baiskeli hazijapakiwa

Saa mbili asubuhi, chini ya mlima mrefu kabla ya kufika Gitega, Thomas anasimamisha lori. Ametoka Muyinga na trela la saruji, tani thelathini. Wabeba ndizi wanaosukuma baiskeli zao wanamkimbilia.

"Shoferi, umekawia! Tulisema leo umeoa mwingine!" anapaza sauti Nazario, mkubwa wao kwa umri.

"Na mshenga ungekuwa wewe. Haya, pakieni!"

Kwenye barabara hii, mwenye baiskeli aliyechoka hudandia: hushika lori kwa nyuma, likamvuta hadi juu. Likirudi nyuma, hana pa kukimbilia.

Thomas hakubali mtu adandie. Baiskeli hupakiwa nyuma ya mifuko, wenyewe hutembea ubavuni mwa trela, kila mmoja na jiwe la kukingia matairi.

Alikulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania. Aliporudi Burundi, kwao Itaba, alikuta shamba la baba yake lina watu wengine, akaanza kubeba ndizi. Alikuwa akidandia pamoja na rafiki yake Moses, mpaka siku lori liliporudi nyuma.

"Mimi niliwahi kuachia," anasema. "Moses hakuwahi."

Baada ya mazishi walikuja waheshimiwa, wakaahidi njia ya baiskeli, wakapigiwa makofi. Waliopiga makofi wengine wamekwisha kufa. Njia haipo. Waheshimiwa wamesahau, sisi wa barabara hii tunakumbuka hata rangi ya magari waliyokuja nayo.

Mwenye lori, Kassimu, amemwonya Thomas: habari za baiskeli kwenye trela lake zikisikika tena, Thomas akabidhi ufunguo. Mke wa Thomas, Melania, na watoto wao wanne wanakula kwa ufunguo huo. Na Kassimu huyohuyo aliambiwa tangu masika kwamba breki za trela zimechoka!

Leo, kwenye kona kali, gia ya kwanza inakataa kuingia. Injini inazimika. Breki hazishiki, trela linaanza kurudi.

"Weka! Weka!" Nazario anaita. "We, toka nyuma, kaa pembeni!"

Jiwe la kwanza linapasuka. La pili linashika. Lori linasimama.

Mikono ya Thomas imeng'ang'ania usukani. Nazario anafungua mlango, anaifunika kwa yake.

"Humura, tulia, ndugu yangu. Iko imesimama. Sisi wote tuko."

Thomas anapumua, anawasha, gia sasa inaingia, lori linapanda taratibu. Mawe yanaondolewa barabarani.

Huko juu, kabla mwingine hajamchongea, anampigia Kassimu mwenyewe na kumweleza yote, simu ikiwa kwenye spika.

"Saruji?" anauliza Kassimu.

"Ipo yote, bosi."



"Na hao watu?"

"Wazima. Ndio waliolizuia lori lako."



"Usiondoke hapo. Nakuja na fundi wa breki. Habari ya ufunguo tutaongea."

Thomas hajui kama jioni atakuwa bado dereva. Anachotaka ni breki nzima, na ruhusa ya kubeba baiskeli bila kujificha.

"Nitamwomba kitu kimoja," anasema. "Safari ijayo aache gari lake bondeni, apande na hawa kwa miguu. Akichoka, Nazario atamshika mkono."