Beki wa Dakika Sitini

Gélase wa Kanyosha alicheza beki wa kati miaka tisa, na wakati wa vita alikuwa anacheza dakika sitini tu. Zikifika, anavua jezi namba nne, anampa Maxime, beki wa akiba, anavaa shati lake la kuchomelea vyuma na kupanda baiskeli. Jezi namba nne ilikuwa moja, kwa hiyo Maxime aliivaa hivyo hivyo na jasho lake. Bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, ya kwenda mtaani kwake Kanyosha ilikuwa inafungwa saa kumi na moja na nusu jioni, na askari hawakuwa watu wa kuelezwa habari za mpira. Klabu ilijiwekea desturi hiyo: wa mbali wanatoka kwanza, wa hapa Buyenzi, mtaa wa klabu, wanamaliza.

Mbio hakuwa nazo sana. Nilimwuliza mara moja anawakamataje vijana wepesi vile. Akasema, "Naangalia kiuno, muzee. Mupira unadanganya, miguu inadanganya." Sijui kama ni kweli, mimi nilikuwa kiongozi wa klabu tu, sikuwahi kucheza. Ila nilimwona.

Mwaka tisini na saba alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, Bwana Akilimali, anaitafutia beki klabu ya huko. Alisema ataangalia mechi mbili. Gélase alikuwa na watoto wawili, na milimani juu ya Kanyosha risasi zilikuwa zinalia karibu kila wiki. Aliitaka kazi ile awatoe pale. Alimwambia hivyo kila mtu, hata muuza ndizi.

Mechi ya kwanza ilipofika dakika ya sitini, akatoka kama kawaida. Bwana Akilimali akafunga daftari lake. "Anajua mpira," akasema, "lakini pumzi hana." Tukamweleza habari ya bariyeri. Akacheka, akasema kila mchezaji aliyechoka ana sababu yake.

Mechi ya pili Gélase hakutoka. Kocha alimwita, akajifanya hasikii. Rachidi, golikipa wetu, akapiga kelele toka golini: "We Gélase! Leo baiskeli wameiba?"

"Chunga goli lako, baba!"

Alimaliza zote tisini. Hatukufungwa. Bwana Akilimali akamshika mkono, akamwambia aje Jumanne na picha ya pasipoti. Bariyeri ilikuwa imeshafungwa, akalala kwa Rachidi.

Asubuhi akakuta nyumba yake tupu. Jirani akamwambia wenye bunduki walishuka mlimani usiku. Mkewe, Mathilde, alikimbia na watoto mpaka kwa dada yake, mtaa wa Kibenga, mmoja mgongoni, mwingine akimvuta mkono. Huko ndiko Gélase alikowakuta, wazima.

"Ulikuwa wapi?" Mathilde akauliza.

"Nilikuwa nacheza."

"Mupaka asubuhi?"

Akamweleza habari ya Dar. Mathilde akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na sisi tunaenda siku gani?"

Gélase hakuwa amelifikiria hilo. Jumanne akaja bila picha, akamwuliza Bwana Akilimali swali lile lile la mkewe.

"Mwaka wa kwanza mchezaji anakaa kambini peke yake," akajibiwa. "Familia baadaye."

"Basi apana, patron. Mi nacheza dakika makumi sita."

Bwana Akilimali akamtazama kidogo. Naona hapo ndipo alipoamini habari ya bariyeri. Akauliza, "Na yule anayecheza zilizobaki?"

"Maxime. Yeye anakaa Buyenzi, hana mutoto. Ni muzuri."

Maxime akaondoka Alhamisi. Gélase mwenyewe alimbebea mzigo kwenye baiskeli mpaka bandarini, kwenye meli ya ziwani.

Kumpata beki mwingine wa karibu kulituchukua karibu mwezi, maana vijana wengi walikuwa wamehama. Jumapili iliyofuata Gélase alitoka dakika yake ile ile, na hakuna aliyemlaumu. Tukamaliza watu kumi, tukafungwa mbili.