Pua ya Kuazima

Dada yangu alipika katika hoteli moja kwa miaka kumi na tisa, na miezi saba ya mwisho alipika kwa pua yangu. Hilo hakuna aliyelijua ila sisi wawili.

Hoteli yenyewe si ya kujivunia. Vyumba kumi na viwili nyuma ya kituo cha mafuta, mapazia ya maua, na jiko lenye madirisha mawili ambayo moja halifunguki. Wageni wake ni watu wa kazi: wakaguzi, wauza dawa za mifugo, mafundi wa mitambo. Fundi mmoja, mtu wa ng'ambo, alikaa pale miezi minane akifunga mashine za kiwanda cha sabuni, na alikuja na sanduku zima la pakiti za viungo vya taco. Taco ni vimkate vyembamba vya mahindi, vinakunjwa na nyama ya kusaga ndani. Jina hilo ukilitamka mbele ya mkweo utahama mtaa, kwa hiyo jikoni waliviita "vya kukunja" na mambo yakaisha. Kila Alhamisi fundi alimpa Dada pakiti moja aimwagie kwenye nyama.

Pakiti zilipokwisha, fundi akanuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Dada akamwomba ganda la mwisho, akaja nalo nyumbani. Akalikung'uta juu ya kiganja, akanusa, akalamba, akafumba macho.

"Bizari nyembamba," akasema. "Pilipili kavu, ile kubwa isiyochoma. Saumu. Kitunguu. Pilipili manga. Kuna jani hapa sijui jina lake, ila liko sokoni kwa yule muuza dawa za kikohozi. Halafu chumvi, chumvi, chumvi."

"Mbona nyingi?"

"Ya kuficha uvivu, mdogo wangu."

Alhamisi iliyofuata fundi alikula sahani tatu, akasema ile ya pakiti ilikuwa vumbi la barabarani. Alipoondoka alibeba kopo la viungo vya Dada. Baada yake wakaanza kuja watu wa maofisini, Alhamisi kwa Alhamisi, mpaka mwenye hoteli akaongeza meza barazani.

Watu hudhani kuchanganya viungo ni kumimina tu. Dada alikata vitunguu vyembamba kama karatasi, akavianika kwenye sinia chini ya chandarua siku mbili, na saumu vivyo hivyo, mpaka vikawa vinavunjika kwa vidole. Pilipili alizifuta kwa kitambaa moja moja, akatoa mbegu, akazipitisha kwenye kikaango kikavu mpaka zikavimba kidogo. Bizari aliikaanga peke yake. Hapo ndipo penye kazi. Bizari mbichi hunuka gunia. Ukiipa moto inanyamaza, halafu ghafla inafunguka, nyumba nzima inajua. Hapo hapo unaitoa. Ukichelewa pumzi nne tano inageuka chungu, na uchungu wa bizari iliyoungua hauondolewi na chumvi wala sukari wala sala. Na jicho halikusaidii, maana bizari kwa asili yake ni ya kahawia na kikaango chetu ni cheusi. Ni pua tu. Baada ya hapo alitwanga kila kitu kinuni, akachekecha, akachanganya kwa kiganja. Kijiko hakukijua. Ukimuuliza kiasi gani anakuonyesha mkono.

Basi ikaja homa ya mafua, ikamlaza wiki mbili. Akainuka, amekonda, akarudi kazini. Jumapili moja amekaa chumbani kwangu, mimi nashona, ananisimulia ugomvi wa wahudumu. Mteja akaniita mlangoni. Nikatoka, nikasahau pasi juu ya shati lake. Niliporudi moshi umejaa, shati limetoboka umbo la pasi, na dada yangu amekaa hatua mbili kutoka hapo, anaendelea na hadithi yake.

"Dada! Husikii?"

Akageuka, akaona moshi. Akaniangalia. Akafunika uso kwa kanga.

Pua ilikuwa imekufa. Ulimi nao ulibaki unajua chumvi na moto wa pilipili, basi. Alikuwa amelificha wiki tatu, akipika kwa mazoea, kwa saa ya ukutani na kwa bahati.

"Usimwambie mtu," akasema. "Mpishi asiye na pua ni wewe usiye na macho. Nani atakuletea kitambaa?"

Tukapanga. Mapishi mengine angeyamudu, mkono unakumbuka. Viungo angetengeneza nyumbani Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa pembeni ya kikaango. "Bado," nasema. "Bado. Bado. Toa!" Naye anatoa, papo hapo, bila swali. Mtu mzima, mpishi wa miaka kumi na tisa, anasubiri neno langu kama mwanafunzi anasubiri kengele. Sikatai, nilipenda. Maisha yangu yote nilikuwa mdogo wake fulani.

Sasa binti yangu. Alikuwa amemaliza mafunzo ya upishi, cheti kiko ukutani, yeye yuko kitandani, hana kazi. Hoteli ikatafuta msaidizi wa jikoni. Nikamwambia Dada, akasema ataona. Wiki mbili anaona. Siku moja mwosha vyombo wa pale, mwanamke ambaye siri ikimlala tumboni anaumwa, akaja kupunguza gauni, na pini zikiwa bado ubavuni akaniambia, "Pole kwa binti. Bosi alikuwa anamtaka, ila dada yako kasema ana mikono mizito."

Sikusubiri hata amalize kuvua gauni. Nikavuka ua mpaka kwa Dada.

"Mikono mizito? Mtoto aliyekuita mama mkubwa kabla hajaniita mimi mama?"

Hakukana. "Punguza sauti. Nilisema lile lililokuja mdomoni. Huyo mtoto ana pua ya miaka ishirini. Siku mbili tu jikoni ananigundua."

"Akikugundua ndiyo atakusema?"

"Hatasema. Atashangaa. Na mshangao wa mtoto unaonekana mpaka nje."

"Kwa hiyo akae na njaa."

"Akae kidogo. Kazi zipo nyingine. Mimi nikitoka pale sina nyingine, na miaka yangu hii nani atanichukua? Unataka nikuombe kwa magoti?"

"Pua yangu unaitaka," nikamwambia, "damu yangu huitaki." Nikaondoka. Neno lilikuwa zuri, nilitembea nalo siku nne nzima kama mtu mwenye viatu vipya.

Jumamosi akaja mlangoni. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Alhamisi hii kuna mkutano, watu sitini. Bosi mwenyewe atakula nao." Huyo bosi alikuwa mtoto wa mwenye hoteli, amerithi mwaka ule. Alipokuwa na kaptura alimwita Dada "Mama Mpishi" na kudowea nyama jikoni. Siku hizi alimwita "wewe", na alikuwa anatafuta sababu ya kuleta mpishi kijana mwenye kofia ndefu.

Nikaenda. Sikumsalimia vizuri. Kikaango kilijaa, mara tatu ya siku zote. Akaanza kukoroga kwa mwiko.

"Bado," nikasema.

Akakoroga.

"Bado."

Bizari ikafunguka. Niliisikia, nzuri, nzito, imejaa puani mpaka kooni. Nikanyamaza.

Sikuwa nimepanga. Nilitaka aniulize. Aseme hata "vipi, mdogo wangu?", aonyeshe kwamba amesimama pale kwa hisani yangu. Hakuuliza. Alikoroga, kichwa kimeinama kidogo upande wangu. Pumzi moja. Tatu. Harufu ikaanza kukunjamana. Tano. Sita. Ukali ukanichoma puani, ndipo nikasema, "Toa."

Akatoa. Akaimwaga kwenye sinia, akaipunga kwa kawa.

Nilikuwa na muda wa kusema. Ilipoa robo saa nzima. Niliweza kusema tupa, tuanze upya, gunia limebaki nusu. Nikajiambia imezidi kidogo tu, pilipili itafunika, nao walivyo watu wa mkutano watakula huku wanaongea. La kuvunda halina ubani, na mimi nilijua. Akaitwanga. Akachanganya na pilipili zake alizozifuta moja moja, na vitunguu vya siku mbili. Akajaza makopo mawili, akanishukuru, akaenda.

Alhamisi saa nane mchana mwosha vyombo alifika kwangu akihema. Safari hii hakubeba hata gauni la kusingizia.

Kwa maneno yake, watu walikula tonge moja moja, wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza kama nyama imepikwa na dawa ya malaria. Sahani zikarudi jikoni zimejaa. Bosi akaingia, akachota kijiko, akatema kwenye sinki. Kama angemfokea yakaisha, si kitu, wapishi wanafokewa kila siku. Ila alichota kijiko kingine akampa Dada mbele ya wote.

"Onja."

Dada akaonja. Akatafuna taratibu. Alijua kuna kitu, uso wa kila mtu ulimwambia, lakini ulimi wake ulimpa chumvi na pilipili tu. Akachagua.

"Iko sawa," akasema. "Labda chumvi."

Bosi akaangaza, akachukua chupa isiyo na karatasi iliyokuwa chini ya sinki, akaifungua, akaiweka chini ya pua ya mama aliyempa nyama za kudowea.

"Na hii ni nini?"

"Siki," Dada akasema.

Ilikuwa dawa ya kusafishia vyoo. Mhudumu mmoja akacheka, halafu wote wakapata ruhusa.

"Tangu lini?" bosi akauliza.

Dada akafungua aproni, akaikunja mara nne. Bosi akamwambia hamfukuzi, yeye si mnyama. Kuanzia kesho atahamia chumba cha kufulia, huko mashuka hayahitaji kunuswa. Na viungo vya Alhamisi vitanunuliwa vya pakiti.

Alirudi nyumbani saa kumi kwa miguu, visu vyake vimefungwa kwenye aproni. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na uongo wangu tayari: nilikuwa na mafua siku ile, pua iliziba. Nikasimama.

"Dada, siku ile mimi..."

"Keti."

Nikaketi. Yeye hakuketi.

"Bizari ina sauti," akasema. "Nilikuwa siijui, maana nilikuwa na pua. Miezi saba nikiwa nimesimama pale nimeijua. Ikiwa inaiva inatatarika, tik, tik, tik. Ikizidi inaacha. Jumamosi ilitatarika, ikaacha, na wewe hujasema kitu."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini hukuitoa?"

Akanitazama kama mtu anayesoma bei.

"Kwa sababu hukuwa umesema. Nikajiambia masikio yangu yamezeeka, mdogo wangu hawezi kukosea. Nimekuja kufikiri njiani. Kukosea, kweli hukukosea."

Akaingia ndani. Hakupiga mlango, aliurudisha taratibu.

Binti yangu walimwita hotelini mwezi uliofuata, amsaidie mpishi wa kofia. Ameenda. Njaa haijui aibu, na mimi sikumzuia. Huwa anarudi na habari kwamba Alhamisi meza za barazani zimerudishwa stoo. Nilijaribu kutengeneza viungo mwenyewe, nimpelekee Dada kopo. Bizari niliitoa kwa wakati wake barabara. Ilipofika kuchanganya nilisimama na kiganja wazi, sikujua kijae kiasi gani. Nilichopata kilinukia vizuri na hakikuwa na ladha ya mtu yeyote. Nilikimwagia nyama, tukala, binti akaongeza ndimu.

Dada tunaonana kila siku, ua ni mmoja. Nikimwamkia anaitikia. Mikono yake siku hizi imechubuka kwa sabuni, na hanisimulii ugomvi wa mtu. Kwenye nyumba isiyo na pua kuna mambo: maziwa, samaki wa jana, jiko la gesi limefungwa au halijafungwa. Asubuhi anatoka na sufuria yake ya maziwa, anapita mlango wangu ulio wazi, mimi niko pale kwenye cherehani, hatua tatu. Anaenda mpaka mwisho wa ua kwa mama mmoja muuza mkaa.

"Jirani, hebu ninusie haya."

Mama wa mkaa ana mafua wiki ya pili sasa, anakoroma hata akiwa macho. Na bado kwake ndiko anakokwenda.